Nionyeshe bili ya umeme kwanza, cheti baadae

Jana usiku nilikaa mpaka saa sita napitia makabrasha ya jengo moja la ofisi, ghorofa nane, ambalo mimi na wenzangu wanne tunafikiria kulinunua. Brosha ina kurasa arobaini na kitu, picha kali, miti juu ya paa, vioo vinang'aa, neno "kijani" liko kila ukurasa, na kuna cheti cha jengo la kijani kimewekewa fremu pale mapokezi nacho kimepigwa picha. Nikatafuta bili ya umeme. Hamna. Bili ya maji, hamna. Daftari la matengenezo ya viyoyozi, hamna. Yaani kurasa arobaini za kutuambia jengo halili umeme na hakuna mahali hata pamoja panaposema linakula uniti ngapi kwa mwezi.

Ndo nikaona niandike hii, manake watu wanaoniuliza kuhusu kuweka hela kwenye majengo ya biashara wamekuwa wengi, na karibu wote wanauliza swali lilelile, eti uendelevu, yaani jengo kutumia nishati na maji kidogo bila kuumiza mazingira, ni kitu cha kweli au ni maneno ya wauzaji. Jibu langu ni kwamba ni kitu cha kweli kabisa, tena kinagusa hela yako moja kwa moja, ila hakikai pale wauzaji wanapokuonyesha. Mimi kabla sijaanza kuwekeza nilifanya kazi ya umeneja wa majengo miaka kumi na moja, kazi ya lifti zilizokwama, pampu zinazovuja, wapangaji wa ghorofa ya tatu wanaolia baridi wakati wa ghorofa ya saba wanalia joto, kwahiyo majengo nimeyajua kuanzia chumba cha mashine. Na ninachoamini ni kwamba uendelevu wa jengo unakaa sehemu mbili tu, kwenye mita na kwenye mkataba wa pango. Vingine vyote vinafuata.

Nianze na hesabu kwanza, maana bila hii hesabu mengine yote yataonekana ni mahubiri tu ya mazingira.

Jengo la biashara halithaminiwi kama nyumba ya kuishi, kwamba ya jirani iliuzwa kiasi gani basi na yangu hivyohivyo. Linathaminiwa kwa kile linachoingiza. Unachukua kodi yote ya mwaka, unatoa gharama za kuliendesha, kinachobaki ndo mapato halisi, alafu unagawa kwa asilimia ambayo wawekezaji wanaitaka kwa jengo la aina hiyo. Tuseme linabakiza 100 kwa mwaka na soko linataka 5%, thamani yake ni 2,000. Soko likibadilika likataka 8%, jengo ni lilelile, wapangaji walewale, hata rangi ya ukuta haijabadilika, thamani inakuwa 1,250. Zaidi ya thuluthi imeyeyuka na hakuna aliyevunja hata kioo.

Na hiki ndo kilichotokea duniani miaka hii. Riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022, kufika Julai 2023 ikawa kati ya 5.25% na 5.5%, na nchi nyingine nyingi zikapandisha za kwao pia. Mwekezaji anayeweza kupata 5% kwa kukopesha serikali, akalala usingizi, hawezi kukubali hiyohiyo 5% kwa jengo lenye lifti mbovu na mpangaji anayeweza kuhama. Waliokuwa wamekopa kwa riba ya chini wakafika mwisho wa mkopo wakaambiwa wakope upya kwa riba mara mbili, tena kwa dhamana ambayo thamani yake imeshuka. Wengi wameumia hapo.

Sasa geuza ile hesabu uone upande wa pili. Kama soko linataka 8%, basi kila 10 unayoipunguza kwenye gharama za mwaka inaongeza 125 kwenye thamani ya jengo. Isome tena hiyo. Mita ya umeme inayozunguka bure usiku inakula bili ya mwezi huu, na pia inakula bei utakayouzia miaka kumi baadae. Riba hatuwezi kuigusa, soko hatuwezi kuligusa, lakini feni inayozunguka saa nane usiku ghorofa haina mtu, hiyo tunaweza kuizima.

(Kuna sharti moja kubwa, kwamba akiba ibaki mfukoni kwa mwenye jengo. Nitalirudia kwenye mikataba, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea.)

Kitu kingine kilichobadilika ni ofisi zenyewe. Baada ya korona kampuni nyingi ziligundua watu wanaweza kufanya kazi siku mbili tatu wakiwa nyumbani, kwahiyo zikapunguza nafasi, na zilivyopunguza hazikupunguza kila mahali sawasawa, zilihama kutoka majengo ya kawaida zikaenda kukodi nafasi ndogo kwenye majengo mazuri zaidi. Matokeo yake soko la ofisi limegawanyika, yale mazuri kabisa yanajaa na kodi inapanda, yale ya katikati, yale ambayo zamani yalikuwa salama kabisa, ndo yanabaki na mabango ya "inapangishwa". Na ile biashara ya kukodi ofisi kwa miaka mingi alafu kuipangisha kwa mwezi mwezi, WeWork walithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019, Novemba 2023 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Maghala yamefanya vizuri kwa sababu ya manunuzi ya mtandaoni. Vituo vya data ndo vinakimbiliwa na kila mtu sasa hivi, ila vile ni walaji wa umeme wa kutisha, Shirika la Nishati la Kimataifa lilikadiria vilitumia kama 1.5% ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, kwahiyo anayenunua jengo la data kimsingi ananunua foleni ya kuunganishiwa umeme, jengo linakuja nyuma. Sitaingia zaidi huko, sio eneo langu.

Ninalolijua ni hili la sheria, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu ndo limebadilisha mchezo. Zamani uendelevu ulikuwa hiari. Mifumo ya vyeti ilikuwepo muda mrefu, BREEAM ya Uingereza tangu 1990, LEED ya Marekani ikaja mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwenye jengo alikuwa anachagua tu, anataka au hataki. Siku hizi kuna miji na nchi zimesema jengo lisipofika kiwango fulani huruhusiwi kulipangisha. England na Wales majengo yanapewa daraja la nishati kuanzia A mpaka G, na tangu Aprili 2018 huwezi kuingia mkataba mpya wa pango la biashara kwa jengo lililo chini ya E, alafu kuanzia Aprili 2023 hata mikataba iliyokuwa inaendelea ikaingizwa humohumo, ukiacha yale yenye msamaha maalumu. Uholanzi wao wakaweka daraja C kwa ofisi zaidi ya mita za mraba 100 tangu Januari 2023, chini ya hapo hairuhusiwi kutumika kama ofisi. Ufaransa wamewapa wenye majengo ya huduma na biashara yanayozidi mita za mraba 1,000 safari ndefu, wapunguze matumizi ya nishati kwa 40% ifikapo 2030, 50% ifikapo 2040 na 60% ifikapo 2050.

Lakini sheria inayoonyesha hela waziwazi ni ile ya jiji la New York, inaitwa Local Law 97, ilipitishwa 2019. Majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000 yamewekewa kikomo cha hewa ukaa kuanzia 2024, na kikomo kinakaza zaidi 2030. Ukizidisha, faini ni dola 268 kwa kila tani kwa mwaka. Tufanye hesabu ya jengo linalozidisha tani 500. Ni dola 134,000 kila mwaka. Sasa gawa kwa 6%, unapata zaidi ya dola milioni 2.2 zimetoka kwenye thamani. Mnunuzi makini anatoa hiyo kwenye ofa yake siku hiyohiyo, hangoji faini ije.

Wathamini wana neno la jengo la namna hii, wanasema limekwama. Limesimama, halina ufa, linafanya kazi, ila huwezi kulipangisha kihalali au huwezi kuliuza kwa bei inayorudisha mkopo, na kulirekebisha kunahitaji hela ambayo benki haitaki tena kukupa. Na hata kama sheria ya namna hii haijafika kwenu, wapangaji wakubwa wa kimataifa wanabeba masharti ya makao makuu yao wanapokwenda, na mifuko ya pensheni inayonunua majengo inabeba masharti yake pia. Kwahiyo siku ya kuuza unakutana nayo mlangoni.

Sasa niwaambie kilichonifanya mimi niwe na hii tabia ya kudai bili.

Miaka kadhaa nyuma kikundi chetu kilinunua sehemu ya jengo lenye cheti. Sio cheti cha kughushi, cheti halali kabisa, ngazi ya juu. Tulilipa zaidi kwa sababu yake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliowashawishi wenzangu, nililisimamia lile wazo kwa nguvu zangu zote. Mwaka wa kwanza bili za umeme zikaja kubwa kuliko jengo la jirani lililokuwa limezeeka kuliko sisi wote. Wenzangu wakaniangalia mimi. Nikakosa usingizi wiki nzima, sio kwa hela peke yake, bali kwa sababu niliwaambia watu kitu nikiwa nakiamini na hakikuwa hivyo.

Nikamwomba mlinzi anifungulie, nikaenda saa nane usiku nikasimama mbele ya mita na daftari. Ghorofa zote giza. Mita ilikuwa inavuta zaidi ya nusu ya inachovuta saa tano asubuhi watu wote wakiwa kazini. Nikazunguka ghorofa kwa ghorofa mpaka alfajiri nikiandika kila kitu kilichokuwa kinanguruma. Feni kubwa za kusukuma hewa zilikuwa zinazunguka kwa kasi kamili, kwa sababu mwaka uliotangulia mpangaji mmoja alikuwa na kazi za usiku kwa wiki mbili, fundi akaondoa taimu ili wapate hewa, akasahau kuirudisha. Sehemu ya kuegesha magari taa zote zinawaka. Ghorofa moja ilikuwa inapozwa na kupashwa joto kwa wakati mmoja, mashine mbili zinagombana usiku kucha na zote mbili tunazilipia sisi.

Cheti hakikudanganya, ila kilitolewa kwa michoro. Kilisema jengo likijengwa hivi na likiendeshwa hivi litatumia kiasi hiki. Hakuna aliyerudi kuangalia linaendeshwaje. Tofauti kati ya hesabu za kwenye karatasi na mita halisi ni jambo linalojulikana sana kwa watu wa hii kazi, ila mnunuzi haambiwi.

Marekebisho yenyewe hayakuwa ya ajabu. Taimu zikarudishwa, sensa za taa kule kwenye magari, na feni tukazifungia vidhibiti kasi. Hili la feni naomba nilieleze kidogo kwa sababu ni zuri mno. Nguvu inayohitaji feni haishuki sambamba na kasi, inashuka kwa mchemraba wa kasi. Ukipunguza kasi kwa 20%, yaani izunguke 80% ya ilivyokuwa, umeme unaohitajika ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, takribani 51%. Umepunguza upepo kwa moja ya tano na umeme karibu nusu. Na feni nyingi kwenye majengo ni kubwa kupita mahitaji, kwasababu mhandisi aliongeza kidogo kwa usalama, mkandarasi akaongeza kidogo, na muuza mashine akaleta saizi iliyokuwepo stoo. Mwezi wa pili baada ya kumaliza, mhasibu alinipigia simu kuuliza kama mita imeharibika.

Tangu hapo nikawa nawapenda sana Australia. Wao wana mfumo unaitwa NABERS, ulianza mwishoni mwa miaka ya tisini, na unapima jengo kwa bili zake za kweli za miezi kumi na mbili, sio kwa michoro. Nyota moja mpaka sita. Mwaka ukipita nyota inakwisha muda wake, unapimwa tena. Alafu tangu 2010 ukitaka kuuza au kupangisha ofisi kubwa kule lazima utangaze hiyo nyota kwenye tangazo lenyewe, mwanzo ilikuwa mita za mraba 2,000 kwenda juu na 2017 wakashusha hadi 1,000. Fikiria hilo kidogo. Dalali hawezi kukuuzia maneno, nyota iko palepale pembeni ya bei. Kitu kidogo namna hiyo kimefanya wenye majengo washindane kuzima feni. Kama kuna sheria moja ningetamani ienee dunia nzima ni hii, naipenda kuliko faini zote.

Watu wakisikia kurekebisha jengo wanafikiria tu paneli za sola juu ya paa, na sola ni nzuri sina ugomvi nayo, ila paa la jengo refu ni dogo kulinganisha na ghorofa zilizo chini yake, haliwezi kulisha ghorofa ishirini. Mpangilio wa kazi ndo wenye maana. Angalia Empire State Building, jengo lilifunguliwa 1931, ghorofa 102, wengi wangesema hilo haliwezekani. Walipoanza kulikarabati 2009 walikuwa wanapanga kubadilisha na kuongeza mashine kubwa za kupozea, zile chila. Badala yake wakaanza na madirisha, yote 6,514, wakayatoa, wakayaunda upya kwenye karakana waliyoifungua humohumo ndani ya jengo, wakaongeza tabaka la katikati la kuzuia joto na kuyarudisha. Wakaweka vizuizi nyuma ya vipasha joto ukutani, wakaboresha taa na udhibiti. Baada ya hapo jengo likawa halihitaji tena upozaji mkubwa vile, chila zikatosha kukarabatiwa zilezile, na hela iliyookolewa pale ikalipia sehemu ya madirisha. Lengo lilikuwa kupunguza nishati kwa 38%, akiba ya kama dola milioni 4.4 kwa mwaka. Wangeanza na chila wangenunua mashine kubwa ya kupoza jengo linalovuja, na wangekaa nayo miaka ishirini na tano. Punguza mahitaji kwanza, mashine zije mwisho, nimewaambia wenzangu hili mara nyingi mpaka wananimalizia sentensi.

Na hili linanileta kwenye kubomoa. Kuna imani kwamba jengo endelevu ni jengo jipya. Mimi siikubali, na nina sababu. Jengo jipya kabla halijawasha taa ya kwanza limeshatoa hewa ukaa nyingi sana, kwenye saruji, nondo, vioo, aluminiamu, kusafirisha na kuchimba. Saruji peke yake inakadiriwa kuchangia kama 8% ya hewa ukaa inayotokana na binadamu. Ukibomoa jengo imara ili ujenge jipya lenye cheti, unaanza na deni kubwa la kaboni ambalo akiba ya umeme italilipa kwa miongo. Sydney walikuwa na mnara wa ofisi wa miaka ya sabini, wakaamua wasiubomoe, wakabakiza zaidi ya 60% ya nguzo, mihimili na slabu, na karibu kiini chote cha katikati, pale zinapopita lifti na ngazi, wakaupanua kwa pembeni na kwenda juu, nafasi ya sakafu ikawa karibu maradufu. Unaitwa Quay Quarter Tower, ulikamilika 2022 na mwaka huohuo ukapewa tuzo ya jengo bora la mwaka duniani. Sio kila jengo linafaa kufanyiwa hivyo, kuna mengine dari zake ni za chini mno mabomba ya hewa hayapiti, mengine sakafu ni pana sana katikati hakufiki mwanga kwahiyo hata kuyageuza makazi haiwezekani. Ila swali la kubakiza liulizwe kabla ya kumpigia simu mtu wa kubomoa, siku nyingi linaulizwa baadae kabisa au haliulizwi.

Ukijenga jipya basi lijengwe kwa hali ya hewa ya pale lilipo. Eastgate Centre ya Harare, la 1996, kazi ya mbunifu Mick Pearce, ni ofisi na maduka na halina kiyoyozi cha kawaida. Zege zito linakusanya ubaridi usiku, feni zinavuta hewa ya usiku kupita chini ya sakafu, mchana ule ubaridi unarudi kwa watu, wazo alilichukua kwenye vichuguu vya mchwa. Na mwenye jengo hakununua mitambo ya viyoyozi tangu mwanzo, hiyo ni hela ambayo haikutoka. Inafanya kazi kwa sababu usiku wa pale unapoa. Ukilinakili kwenye mji wa pwani ambao usiku joto na unyevu vinabaki palepale utawatesa watu. Mnara wa vioo vitupu kwenye jua kali ni kosa hilohilo kwa upande mwingine, na huo tunauona kila mahali, umenakiliwa kutoka nchi za baridi na wapangaji wanafunga mapazia mchana kutwa na kuwasha taa.

Haya, mikataba. Nilisema nitarudi.

Mikataba mingi ya pango imeandikwa hivi, mwenye jengo anagharamia vitu vikubwa, mashine, paa, madirisha, na mpangaji analipa umeme. Inaonekana haki. Lakini maana yake ni kwamba nikiweka hela yangu kubadilisha madirisha, anayefaidi bili ndogo ni mpangaji, kwahiyo sibadilishi. Na mpangaji hawezi kubadilisha madirisha ya jengo ambalo atahama baada ya miaka mitano. Wote wawili wana akili timamu, wote wawili wanafanya kinachowafaa, na jengo linaendelea kuvuja miaka thelathini. Nimekaa kwenye vikao nikaona hili kwa macho, mpangaji analalamika joto, mwenye jengo anajibu mkataba unasema, na kila mmoja ana haki kwa karatasi.

Dawa yake ni kuandika mkataba tofauti. Kuna mikataba sasa inayoruhusu mwenye jengo kurudisha gharama ya marekebisho kidogo kidogo kupitia ada ya huduma, ila kwa sharti kwamba anachotoza kwa mwaka kisizidi akiba aliyoipata mpangaji kwenye bili. Mpangaji hatoi zaidi ya alivyokuwa anatoa, mwenye jengo anarudishiwa hela yake, na kifaa kikishalipwa mpangaji anafaidi yote. Inahitaji kila mpangaji awe na mita yake, maana bila mita ndogo ndogo hakuna wa kuamini hesabu ya mwenzake. Inahitaji pia pande zote mbili zikubali kuonyeshana matumizi, na nyuzi joto za ofisi ziandikwe, kwamba tutapoza mpaka hapa, sio mtu anaamua siku hiyo. Na kitu kinachosahaulika sana, mpangaji anapohama asilazimishwe kung'oa kila kitu na kurudisha ganda tupu kama mpangaji anayekuja anaweza kutumia zilezile dari na sakafu. Nimeona zulia jipya la miezi minane linaenda jalalani kwasababu mkataba ulisema "rudisha kama ulivyokuta", na nilisaini karatasi ya kuruhusu lile lori kutoka, inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo mtu akiniuliza ile hesabu ya kila 10 inayookolewa inaongeza 125, namjibu fungua mkataba kwanza uone hiyo 10 ni ya nani.

Mambo mawili ya haraka ambayo naangalia nikienda kukagua jengo. La kwanza ni gesi iliyoko ndani ya viyoyozi. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la HFC, ambazo zikivuja zinaongeza joto la dunia kwa nguvu mno kuliko hewa ukaa, kwahiyo mtambo unaotumia gesi inayoondolewa sokoni leo ni mzuri lakini kesho kuujaza itakuwa ghali na kupata gesi yenyewe itakuwa shida. Soma kibao kilichobandikwa kwenye mashine, imeandikwa pale. La pili, jenereta na paneli kuu ya umeme ziko ghorofa gani. Kimbunga Sandy mwaka 2012 kilijaza maji kwenye vyumba vya chini vya majengo mengi kusini mwa Manhattan, na mitambo ya umeme ilikuwa hukohuko chini, kuna majengo yalikaa wiki kadhaa bila kufanya kazi wakati ghorofa za juu hazikuguswa hata na tone. Kampuni za bima zinaangalia hili siku hizi, na ada ya bima nayo inatolewa kwenye mapato halisi kabla ya ule mgawanyo wa thamani.

Kwa wale ambao hawanunui jengo ila wananunua hisa za mifuko ya majengo, ile aina ambayo Marekani waliianzisha kwa sheria ya 1960 na inayolazimika kugawa angalau 90% ya mapato yake yanayotozwa kodi kwa wenye hisa, maswali ni yaleyale. Fungua ripoti ya mwaka, tafuta uniti kwa mita ya mraba, alafu angalia wameripoti majengo mangapi kati ya mangapi waliyonayo. Mfuko wenye majengo sitini unaokupa namba za majengo kumi na mawili umekuchagulia yale mazuri. Na kumbuka mfuko uliolazimika kugawa karibu mapato yote unabaki na kidogo cha kukarabati, kwahiyo uliza hela ya madirisha itatoka wapi.

Turudi kwenye lile jengo la ghorofa nane. Leo asubuhi niliwaandikia wauzaji nikaomba bili za umeme na maji za miezi 36, daftari la matengenezo, na nakala za mikataba yote ya wapangaji. Jioni wamejibu kwa heshima, wametuma bili za miezi 14, mikataba miwili kati ya tisa, na ile picha ya cheti tena. Kwenye hizo bili 14 kuna mwezi wa sikukuu ambao jengo lilifungwa siku kumi nzima, na bili yake imeshuka kidogo sana ukilinganisha na mwezi uliotangulia. Nimeiangalia hiyo namba mara nne. Wenzangu wanataka tutoe ofa Ijumaa. Nimewaomba wanisubiri mpaka Jumatano ijayo, muuzaji amekubali nifunguliwe chumba cha umeme Jumanne saa nane usiku, na tochi nimeshaichaji.